Friza limezima na ndani kuna nyama: kipi kinaokoka, kipi kinatupwa

Funga mfuniko kwanza. Najua umeshaufungua mara mbili kuhakikisha kama kweli limezima, na kuna mtu mwingine hapo nyumbani anakuja kuhakikisha kwa niaba yako. Mzuie. Friza lililofungwa hutunza baridi kama chupa ya chai inavyotunza moto, na hakuna anayefungua chupa ya chai kila dakika tano kuona kama chai haijapoa.

Likiwa limejaa pomoni na halifunguliwi, friza hubaki na baridi ya kutosha kwa takriban saa 48. Likiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida, unakoweka maziwa na mboga, ni saa 4 tu. Dar mwezi wa Januari, friza likiwa stoo chini ya bati lisilo na dari, mimi namba hizo nazikata: hiyo 48 naihesabu 30. Friza la kulala, lenye mfuniko juu, huvumilia kuliko la kusimama, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na hubaki chini unapofungua. La kusimama ukifungua mlango unaisikia inakumwagikia miguuni.

Sasa tazama saa. Andika kwenye karatasi limezima saa ngapi, bandika juu ya mfuniko. Kama hujui, andika mara ya mwisho ulipoliona linafanya kazi. Kesho karatasi hiyo itakusaidia kuliko pua yako, na habari ya pua nitairudia.

Limeharibika kweli?

Usimpigie fundi bado. Angalia LUKU kama uniti zimeisha. Angalia soketi: kwetu siku moja aliyechomoa alikuwa mgeni aliyetaka kuchaji simu, na aliomba radhi kesho yake, nyama ikiwa imeshalala sufuriani. Chomeka chaja kwenye soketi ileile ya friza. Simu ikiingia chaji, soketi ni nzima. Kama ni waya wa kuunganishia, wenye matundu manne na pasi, birika na friza vyote pamoja, chomoa friza ulichomeke ukutani moja kwa moja. Tazama swichi za kwenye boksi la umeme. Iliyoshuka ipandishe mara moja tu; ikishuka tena iache, hapo kuna shoti.

Umeme ukiwa ndio umerudi sasa hivi, subiri dakika 5 kabla ya kuchomeka. Kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya friza, ikilazimishwa kuwaka kabla presha ya gesi haijatulia huunguruma bila kuzunguka, na kompresa nyingi huungua hivyo.

Bado kimya? Basi liache friza kwa muda. Nyama kwanza, fundi baadaye.

Nyama bado ngumu kama jiwe

Gonga pakiti kwa konzi. Ikilia kama ubao, una muda. Kama fundi anakuja leo, usiguse kitu. Kama haji, tafuta nafasi kwenye friza la jirani, au barafu. Kwenye masoko ya samaki, kama Feri pale Kivukoni, kuna barafu ya mabonge wanayotumia wavuvi na wachuuzi. Iweke juu ya nyama, siyo chini yake, maana baridi hushuka. Lifunike friza kwa blanketi nzito, ila umeme ukirudi litoe haraka: mafriza mengi ya kulala hutolea joto ubavuni.

Unapofungua kuweka hiyo barafu, tumia nafasi hiyohiyo kushusha kuku chini kabisa. Akianza kuchuruzika asichuruzikie vitu vingine.

Pembeni imelainika, katikati bado barafu

Hii ndiyo nyama ambayo watu wengi huitupa bure. Bonyeza kwa kidole: kinazama kidogo halafu kinagonga kitu kigumu. Au kata, uone chembe za barafu zinameta katikati. Nyama hiyo ni salama, na inaweza kugandishwa tena ikiwa mbichi. Yule anayesema "nyama ikiyeyuka hairudi kwenye friza" anachanganya usalama na utamu. Ikiganda mara ya pili hupoteza maji yake, inakuwa kavu na yenye nyuzi. Iandike "mchuzi" au "pilau", usije ukaitoa siku ya mishkaki.

Ila pima kila pakiti peke yake. Bonge la paja la kilo 2 likiwa bado na moyo wa barafu, kifuko cha nyama ya kusaga kilicholala pembeni yake kinaweza kuwa kimeshayeyuka zamani. Maini, utumbo, nyama ya kusaga na kuku wa vipande huyeyuka mapema na huharibika mapema. Hivyo vipike leo hata kama bado vina barafu kidogo.

Imeyeyuka yote, lakini bado baridi

Hapa mpaka ni nyuzi 4 za Selsiasi. Kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano, ndicho kifaa pekee ninachokusihi ununue. Choma katikati ya pande la nyama. Ikisoma 4 au chini, unaweza kugandisha tena au kupika. Bila kipimajoto mimi sigandishi, napika palepale, kwa sababu mkono hauwezi kutofautisha nyuzi 4 na nyuzi 10. Jaribu kushika soda ya friji na soda ya ndoo ya barafu ukiwa umefumba macho.

Imeyeyuka na baridi imekwisha

Nyama iliyokaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya saa 2 itupe. Kama chumba kina joto la nyuzi 32 au zaidi, na stoo nyingi za pwani zinafika hapo mchana, ni saa 1. Usionje kwanza.

Shangazi yangu ana jibu lake kwa hali hii. "Mwanangu, nyama ina nini hiyo? Tia ndimu, tia tangawizi, chemsha mpaka ilie."

"Shangazi, ndimu inatoa shombo tu."

"Na shombo ndilo baya."

Hapana, shangazi, na nakuambia kwa heshima zote. Moto unaua vijidudu, hilo kweli. Lakini vipo vijidudu ambavyo vikipata joto na muda hutoa sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Kimoja kinaitwa Staphylococcus aureus, na wengi wetu tunacho puani na mikononi tukiwa wazima kabisa. Sumu yake ikishaingia kwenye nyama, unaweza kuchemsha saa nzima, vijidudu vikafa vyote, na bado mlaji akatapika ndani ya saa chache. Umeua mwizi, mali imeshaondoka.

Samaki ndio wasiosamehe kabisa. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hujenga histamini nyamani, na hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kugandisha tena. Aliyekula uso unamwiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha, mara nyingi ndani ya saa moja, naye anasema "samaki wamenidhuru, nina aleji". Pengine hana aleji hata kidogo. Samaki wa namna hiyo aliyeyeyuka na kupoteza baridi mtupe, hata kama macho yake yanang'aa.

Na ile unayoiogopa kula wewe, usimgawie jirani wala mlinzi. Nimeona hilo likifanywa kwa jina la sadaka.

Umerudi safari, kila kitu kimeganda, lakini kuna kitu hakikai sawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Idd kubwa ya mwaka juzi tulichinja, tukagawa, tukabakiza kama kilo 9, friza likawa nusu. Siku ya pili tukapata msiba Tanga. Tulikaa siku nne. Niliporudi friza lilikuwa linaunguruma vizuri, taa ya kijani inawaka, nyama jiwe. Nikashukuru Mungu, nikatoa pakiti moja ya kupika jioni.

Pakiti ile niliifunga mwenyewe ikiwa mraba kama tofali. Sasa ilikuwa bapa kama sahani, na upande wa chini ilikuwa na mistari ya waya za kikapu, imechoreka ndani ya nyama kama alama ya chaki. Nikainua kikapu. Chini kulikuwa na bamba la barafu la rangi ya waridi, unene wa kidole, na mguu wa kuku umenasa ndani yake. Barafu za ukwaju za watoto, nilizozisimamisha kwenye kikombe, zilikuwa zimelala na kubandikana zote kitu kimoja.

Tofali la nyama iliyoganda haliwi sahani bila kuyeyuka. Nikamuuliza jirani. Umeme ulikatika Ijumaa usiku, ukarudi Jumapili mchana. Kwa friza nusu, hiyo ni hukumu. Nikatupa zote. Mama mkwe alinitazama nikibeba mifuko, hakusema neno, na kimya chake nakikumbuka kuliko kilo zenyewe.

Basi ukirudi safari tafuta ishara hizi kabla ya kushukuru. Umbo la pakiti limebadilika, au pakiti zilizopangwa mbalimbali zimeshikana. Maji mekundu yameganda chini. Vitu laini, kama barafu za ukwaju za watoto, vimepinda. Theluji ndani ya mfuko peke yake haitoshi kuwa ushahidi, nyama iliyokaa miezi mingi huwa nayo hata kama umeme haukukatika. Lakini theluji pamoja na umbo lililoanguka, hapo iliyeyuka. Kama ni kona tu zimelegea na hakuna bwawa chini, iliyeyuka nusu. Ipike karibuni, ipike iive kabisa.

Siku hizi kwenye friza langu kuna kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu sarafu ya shilingi mia mbili. Nikirudi safari naangalia kikombe kwanza. Sarafu ikiwa juu, friza halikuyeyuka. Ikiwa katikati, barafu iliyeyuka kiasi, napima pakiti moja moja. Ikiwa chini kabisa, sina haja ya kumuuliza jirani.

Rangi na harufu

Nyama iliyogeuka kutoka nyekundu kuwa ya kahawia si lazima iwe imeoza. Rangi yake imebadilika kwa hewa. Mabaka meupe makavu juu ya nyama iliyokaa sana ni kuungua kwa baridi, hayadhuru, yakate utupe kwa sababu hayana ladha. Yale maji mekundu kwenye mfuko si damu. Damu nyingi ilishatoka machinjioni. Ni maji ya nyama yenyewe na rangi yake.

Utelezi unaovutika kidoleni kama bamia, tupa. Harufu ya uchachu, tupa. Hayo hayahitaji mwongozo.

Tatizo liko kinyume chake. Watu hunusa, hawasikii kitu, wanapika. Lakini vijidudu vinavyonuka na vijidudu vinavyolaza watu kitandani mara nyingi si vilevile. Nyama inaweza kuwa na salmonela ya kutosha kulaza familia nzima na isinuke kitu. Kwa hiyo pua inaweza kukwambia "tupa", lakini haina ruhusa ya kukwambia "kula". Hilo ni la saa uliyoandika kwenye mfuniko na kipimajoto. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, ukisita tu, jibu umeshalipata.

Nyama ya kupika leo ni nyingi kuliko sufuria

Anza na kuku, nyama ya kusaga na maini. Mabonge ya ng'ombe na mbuzi yatasubiri. Katakata ndogo ili ziive haraka, na ukiwa na kipimajoto hakikisha katikati imefika nyuzi 74.

Kosa kubwa huja baada ya kuiva. Sufuria kubwa la supu likiachwa mezani lipoe lenyewe, katikati yake hukaa vuguvugu mpaka usiku wa manane, na vuguvugu hilo ndilo vijidudu wanaloliombea. Mimina kwenye masinia na mabakuli mapana, yasizidi vidole vinne kwa kina, weka mbele ya feni, halafu yaende kwenye friza la jirani ndani ya saa 2.

Kama friza la jirani halipo, wengi wetu tumekulia kwenye sufuria linalochemshwa asubuhi na jioni. Mimi silipendi, na sababu yake ni hii: kati ya asubuhi na jioni sufuria linakaa saa 10 au zaidi likipoa polepole, na mbegu za baadhi ya vijidudu hazifi kwa kuchemka, zinaamka supu ikipoa. Afadhali ualike watu. Nyama ya kilo sita, majirani kumi, wali wa nazi, imekwisha siku ileile.

Kuanika? Pwani hewa ina unyevu, nyama itanuka kabla haijakauka. Wasomali na Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanajua kutengeneza nyirinyiri: nyama inakatwa vipande virefu vyembamba, inaanikwa kwenye hewa kavu ya kule, inakatwa tena ndogondogo, inakaangwa mpaka maji yote yaishe, kisha inahifadhiwa ndani ya mafuta au samli. Inakaa muda mrefu bila friza. Lakini huanza na nyama mbichi iliyo salama, siyo na nyama iliyookolewa dakika ya mwisho, na stoo ya Temeke siyo Marsabit.

Sasa friza lenyewe

Chomoa kabla ya kugusa chochote nyuma.

Taa haiwaki, hakuna sauti, na soketi umeshaijaribu: mara nyingi ni waya, plagi au fyuzi ndani ya plagi. Hiyo ni kazi ndogo.

Taa inawaka, nyuma unasikia "tik", mlio mfupi, kimya, baada ya dakika chache "tik" tena: kompresa inajaribu kuwaka inashindwa. Kabla ya kuilaumu, angalia umeme wenyewe. Kama ni saa moja jioni na balbu zimefifia kwa rangi ya chungwa, umeme uko chini ya volti 230 zinazotakiwa. Chomoa, subiri utulie. Kama umeme uko sawa na bado inatikatika, mwambie fundi aanze na rilei ya kuwashia, ambayo ni kitu kidogo cha bei ndogo. Fundi anayefika na kusema "kompresa imekufa" kabla ya kufungua kifuniko cha rilei, mshukuru, mpe nauli.

Inaunguruma mfululizo, haipumziki, na barafu imeshika upande mmoja tu: gesi imepungua. Gesi ya friza haiishi kwa kutumika kama ya kupikia. Ikipungua, kuna tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu atarudi baada ya miezi miwili kujaza tena. Tazama pia kibandiko cha nyuma: kikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto, fundi asichomee bomba jikoni kwako madirisha yakiwa yamefungwa.

Tundu lenyewe mara nyingi tumelitoboa sisi, kwa kisu, tukibandua barafu. Zima, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri.

Barafu nene inarudi kila wiki: raba ya mlango. Banisha noti ya elfu moja kati ya raba na fremu, funga, vuta. Ikitoka bila kukukatalia, hewa ya joto inaingia hapo. Zungusha mlango wote hivyo. Raba iliyojikunja unaweza kuilainisha kwa kitambaa cha maji ya moto, iliyopasuka inabadilishwa.

Harufu haitoki

Toa vikapu, fungua kizibo cha maji chini, kwa sababu maji ya nyama hujificha hapo. Osha kwa sabuni, kisha kwa maji yenye magadi ya kuokea, kijiko kikubwa kwa lita moja, kisha siki. Ukitaka kutumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, itumie siku nyingine na maji matupu. Ikikutana na siki hutoa hewa inayochoma mapafu. Kausha, weka bakuli la mkaa au unga wa kahawa, acha mfuniko wazi siku mbili au tatu ukiwa umeuzuia kwa kipande cha mti, mtoto asijifungie ndani.

Ikiwa maji ya nyama yaliingia nyuma ya plastiki, kwenye sponji ya ukuta, harufu hiyo haitoki kwa chochote. Langu la zamani lilifika hapo. Alilinunua muuza samaki, akang'oa kompresa, akaiuza kama chuma chakavu, na boksi akaliweka kibandani kwake likiwa limejaa barafu ya kuvunja. Nimepita jana saa kumi jioni, barafu ya alfajiri bado ilikuwepo.